Chumvi ya Sufuria la Kwanza

Siku pilau ya Mwantumu ilipotoka bila chumvi, watu wa Handeni waliila kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomuumiza.

Wageni waliokaa chini ya turubai walitafuna, wakatazamana, wakanyoosha mikono kwenye kachumbari. Kachumbari ikaisha masinia yakiwa bado yamejaa. Kwenye shughuli ya watu, kachumbari ikitangulia kuisha, mpishi ajue kuna jambo. Na mpishi mwenyewe hakuwa wa kubahatisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini Mwantumu alikuwa akiitwa kuanzia Chanika hadi Mkata, na wapo wazee waliomuuliza yeye kwanza kama ana nafasi, ndipo wakaenda kupanga tarehe ya ndoa na shehe.

Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, akipanga upya kuni ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri tu. Rosina, mwenzake wa jikoni, Msambaa wa Mashewa aliyeolewa Handeni na ambaye hakuwahi kuisamehe Handeni kwa joto lake, alimletea sahani. Akamwambia aonje. Mwantumu akasema ameshiba.

"Hukuonja supu," Rosina alisema.

Mwantumu akanyanyua kuni moja, akairudisha palepale ilipokuwa.

Pilau huonjwa kabla mchele haujaingia. Nyama ikishaiva na viungo vikishatoa harufu, mpishi huchota supu kwa mwiko, huimimina kiganjani, huilamba. Supu ikizidi chumvi kidogo ulimini, wali utakuwa sawa; ikiwa sawa ulimini, wali utapwaya. Mchele ukishamwagwa hakuna tena cha kurekebisha, umebaki kupalia makaa juu ya mfuniko na kumwomba Mungu. Siku ile mwenye shughuli alinunua chumvi ya mawe badala ya ile laini, na mkono wa Mwantumu, uliozoea ile laini, ukachota konzi zilezile za siku zote. Ulimi ungemwambia mara moja. Lakini ulimi wake alikuwa ameusimamisha kazi tangu kabla ya mvua za vuli, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mambo yalianza na tumbo. Mwaka uliotangulia lilikuwa likimwaka moto kila akiwa na njaa, mpaka akakonda na vitenge vikawa vinamzunguka mara mbili. Alikunywa kila alichoambiwa anywe: maji ya kabichi, shubiri, magadi, na unga wa majani fulani ambayo hata aliyemuuzia hakuyajua jina. Mwishowe mumewe, Mzee Mdoe, alimpeleka Korogwe kwenye kliniki moja ya Manundu. Huko walimmezesha mpira wenye kamera, wakamwonyesha kidonda chenyewe kwenye kioo, kimekaa tumboni kama kimelipa kodi. Wakakuta na bakteria. Wakampa dawa za aina kadhaa za kumeza pamoja, chungu za kumtoa mtu mzima machozi, na daktari akamwambia arudi baadaye kuangaliwa. Mwantumu alizimaliza zote. Maumivu yakaondoka. Akala maharage, akasubiri, tumbo likanyamaza.

Hapo mwingine angeshukuru na yeye akanyamaza. Mwantumu hakuweza, kwa sababu dada yake mkubwa alikufa kwa tumbo hilohilo. Alikuwa anapepeta mchele uani huku akimsimanga mtu fulani, wakacheka, akainuka kwenda kunywa maji, akatapika damu. Gari lilipopatikana, kazi iliyobaki ilikuwa ya kuchimba kaburi. Tangu siku hiyo Mwantumu alijiuliza dada yake alikosea nini, na yeye atakosea lini.

Kwa hiyo alitaka uhakika, na Korogwe aliiona mbali. Akaenda peke yake kwenye maabara ya mtaani, akatoa damu kwenye kidole, na kipimo kikaonyesha mistari miwili. Bado wamo. Akanunua dawa upya, akameza, akarudi kupima: mistari miwili. Akarudia mara nyingine, ikawa vilevile. Na mpimaji, kwa nia njema kabisa, akamwambia bakteria hawa huambukizwa kwa mdomo, awe mwangalifu.

Mwantumu alirudi nyumbani amekwisha kujihukumu. Alikumbuka kila kiganja alicholamba na mkono uleule ukarudi kuchota chumvi. Alizihesabu harusi, khitima na maulidi, akaona nusu ya wilaya imepita kinywani mwake. Akaapa hataonja tena. Akajitengea kikombe, akakifunga uzi mwekundu kwenye mshikio ili asichanganye. Akajitengea sahani na kijiko. Na lililomtoa machozi akiwa anaosha vyombo: akajitenga na sinia la mumewe.

Yeye na Mdoe walikuwa wakila sinia moja tangu walipooana. Wageni wakiwepo, wanaume kwao na wanawake kwao, sawa. Lakini wakibaki wawili, sinia moja, na Mdoe akiisukuma nyama upande wa mkewe kwa kidole kana kwamba inateleza yenyewe. Hakuwahi kusema neno kuhusu nyama hiyo. Mwantumu alipomwambia kwamba siku hizi anakula kidogokidogo, peke yake, Mdoe alimwangalia, akasema sawa, na hakuuliza tena. Angeuliza ingekuwa afadhali.

Sasa tatizo lenyewe. Mwanaidi, kitindamimba wao, alikuwa anaolewa na Jabiri, kijana wa Magoma, mkulima wa machungwa mwenye adabu na meno yaliyopishana. Ndoa ilikuwa imebakiza kama mwezi. Na katika ukoo wa Mwantumu, binti anapoolewa, sufuria la kwanza la pilau hupikwa na mama yake mzazi, na ndilo linalowaendea wakwe. Mengine apike yeyote. Lile la kwanza lazima liwe la mkono wa mama, ili wakwe waonje wajue binti katoka nyumba ya namna gani. Bibi yake alimpikia mama yake, mama yake akampikia yeye, na yeye aliwapikia mabinti wawili waliotangulia.

Baada ya ile pilau ya aibu, Mwantumu alimwambia Rosina kwamba sufuria la kwanza la Mwanaidi atalipika yeye. Rosina akajibu kwamba yeye si mama wa Mwanaidi, na kwamba kama Mwantumu amechoka kuishi na watu aseme. Maneno yakamfikia Mwanaidi, kwa sababu Handeni ni Handeni. Binti hakugomba. Aliingia jikoni, akasimama karibu na mlango, akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, humtaki Jabiri?"

Mwantumu akasema anamtaka sana. Mwanaidi akauliza kwa nini basi anakataa kumpikia. Mama mtu akasema mambo ya kiuno, ya kuni zenye moshi, ya umri. Mwanaidi alimsikiliza mpaka mwisho, akatoka, na tangu hapo akaacha kuzungumzia harusi ndani ya nyumba ile. Akawa anashona na kufuma kimyakimya kama anayejiandaa kwa msiba.

Basi Mwantumu akashika njia kwenda Korogwe kununua viungo, maana viungo lazima vinunuliwe hata kama hujui nani atavitia.

Duka la Umesh lilikuwa nyuma ya soko, na uhusiano wao ulikuwa na desturi zake. Kila Mwantumu alipokuja kwa ajili ya shughuli kubwa, Umesh alimwekea mezani kwanza bizari ya zamani, iliyokwisha nguvu, na uso wake ukiwa mkavu kabisa. Mwantumu angechukua punje chache, azitafune kwa meno ya mbele, azitemee pembeni, amwambie kwamba hii bizari ilifika Korogwe pamoja na reli. Hapo Umesh angecheka, angeingia ndani na kutoka na gunia lenyewe. Walikuwa wakifanya hivyo tangu Riddhi, binti wa Umesh, akiwa mdogo anakalia magunia na kula zabibu kavu za baba yake.

Siku hiyo Umesh aliweka bizari ya zamani mezani, akasubiri. Mwantumu akainusa kwa mbali, akasema, "Funga hiyo."

Umesh, badala ya kufurahi kuuza bizari ya mwaka juzi, alishtuka. Akauliza kama haonji. Mwantumu akasema haina haja. Umesh akaacha mizani, akaenda mlango wa nyuma, akaita binti yake, ambaye wakati huo alikuwa amekuja kula chakula cha mchana.

Riddhi sasa alikuwa daktari. Ndiye aliyemmezesha Mwantumu ule mpira, na ndiye aliyemwambia arudi.

"Shikamoo mama," alisema, akijifuta mikono. "Hukurudi."

"Marahaba mwanangu," Mwantumu alijibu, na hapo hapo, bila kupanga, machozi yakamtoka mbele ya kopo la karafuu. Umesh, mtu wa busara, akakumbuka kwamba ana mzigo wa kushughulikia nje.

Walikaa nyuma ya duka kwenye magunia ya mchele. Mwantumu alisimulia karibu yote: mistari miwili, dawa alizorudia, kikombe chenye uzi, sinia. La kuonja masufuria ya watu kwa kiganja hakulisema. Nusu ya wilaya ni watu wengi, na Riddhi mwenyewe alikula pilau yake siku alipofaulu chuo.

Riddhi hakumkatiza. Alipomaliza, aliuliza swali ambalo Mwantumu hakulitarajia: kama shamba lao la mahindi bado linaingiliwa na nguruwe pori.

Mwantumu akashangaa, lakini akajibu. Wanaingia kila msimu. Mdoe ndiye mkubwa wa walinzi wa upande ule. Wakisikia wameingia, wanapiga madebe na kuachia mbwa. Kuna mwaka vijana waliingiwa na hasira, wakamkimbiza nguruwe mmoja kwa mapanga shamba zima. Nguruwe alikula mabua machache. Waliolaza mahindi chini ni vijana wenyewe na mbwa wao. Tangu hapo Mdoe hukubali kijana kulinda pale tu anapokuwa na mtu mzima wa kumshika shati.

"Kidonda chako kilikuwa hivyohivyo," Riddhi alisema.

Akamweleza taratibu. Watu wengi wa huku, alisema, wanao bakteria hao tangu utotoni, na wengi hawaumwi hata siku moja. Bakteria anachokoza, na asidi ya tumbo inachoma palipochubuka, hilo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya madhara inaletwa na walinzi wa mwili, seli za kinga zinazokuja kupigana naye kwenye ukuta wa tumbo. Wapo wenye kushambulia, na wapo ambao kazi yao ni kuwashika wenzao shati. Mtu ambaye hao watulizaji wake ni wachache, au wamezidiwa, vita inakuwa kali kuliko adui, na ukuta unachubuka mpaka unatoboka. Ndugu wawili wanaweza kukua nyumba moja, wana bakteria walewale, mmoja akaugua na mwingine asijue kama anao. Kwa nini huyu na si yule, wataalamu wanaendelea kuchunguza, na hakuna aliyelimaliza swali hilo.

Mwantumu alimwona dada yake na ungo wa mchele. Miaka yote alidhani kuna kitu dada alikula, au alikosa kula, au dua aliyoisahau. Kumbe hakukosea chochote. Alihisi uzito fulani unamtoka begani, akalia tena, safari hii kwa dada yake, na Riddhi akamwacha alie.

"Sasa niambie, mama," Riddhi alisema baadaye. "Nguruwe akishafukuzwa, baba anarudi nyumbani siku hiyohiyo?"

"Hathubutu. Wanalinda mpaka mavuno yaingie ndani."

"Kwa hiyo mimi nikipita nikamkuta baba shambani na debe lake, niseme nguruwe yumo?"

Mwantumu akatikisa kichwa, hapana.

"Kipimo cha damu ulichofanya hakimtafuti nguruwe," Riddhi alisema. "Kinamtafuta mlinzi. Na walinzi wa mwili hawasahau upesi. Bakteria anaweza kuwa ameondoka zamani, wao bado wapo, na kile kipimo kitaonyesha mistari miwili mwaka mzima na zaidi."

"Kwa hiyo ameondoka?"

Riddhi angeweza kusema ndiyo, na Mwantumu angemwamini. Akasema hajui. Inabidi wamtafute nguruwe mwenyewe, na nguruwe hutafutwa kwenye choo. Akamuuliza anatumia dawa gani kwa sasa. Zile za kuua bakteria alikuwa amezimaliza zaidi ya mwezi uliopita, lakini za kupunguza asidi alikuwa anameza kila siku kwa woga. Riddhi akamwambia aziache wiki mbili kabla ya kupima, kwa sababu zinawapunguza bakteria wakajificha, kipimo kikasema hawapo kumbe wapo. Akamwonya kwamba tumbo linaweza kuwaka kidogo kwa kuzikosa hizo dawa, asitishike. Lakini akipata choo cheusi au maumivu makali, aache kila kitu aje mbio.

Mwantumu akahesabu kichwani. Majibu yangetoka siku chache kabla ya harusi. Yakiwa mabaya, sufuria la kwanza ndiyo basi.

Tumbo kweli liliwaka. Siku ya nne aliitoa pakiti ya dawa kabatini, akaiangalia, akairudisha, akaitoa tena. Mdoe alimkuta hivyo, amesimama na pakiti mkononi mchana kweupe, chakula kikipoa.

"Hiyo ni nini?" aliuliza.

Mwantumu akaona amechoka kuficha. Akamkalisha, akamweleza mwanzo hadi mwisho, na nguruwe akiwemo. Mdoe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ile sehemu ya vijana na mapanga aliielewa upesi kuliko mtu yeyote. Mwantumu alipofika kwenye kikombe chenye uzi mwekundu, Mdoe aliinua mkono kumzuia.

"Kumbe ni hilo," alisema. "Mimi nilijua umenichoka."

Mwantumu akamtazama mtu huyu ambaye yeye alimzalia watoto, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akaona kwamba kwa miezi yote hiyo alikuwa anakula peke yake upande mmoja wa sinia, upande mwingine akiuacha kama ulivyo. Alikuwa ameuona ule upande usioguswa kila akiosha vyombo, na hakuuelewa. Aliumia kuliko alivyoumia kwa kidonda.

"Nikuchoke nimpate nani," alisema.

Mdoe akacheka kidogo, akajikohoza. Kisha akasema jambo la maana: amwambie Mwanaidi leo, asisubiri majibu. Mtoto anadhani mama yake anamkataa mchumba, na neno la namna hiyo likiachwa likae, hata pilau nzuri haitalitoa.

Mwanaidi aliposikia, alikasirika kwanza. Alimuuliza mama yake kama yeye ni mgeni humu ndani mpaka afichwe ugonjwa. Kisha akamkumbatia, na kwa kuwa wote wawili walikuwa warefu na wabishi, walikumbatiana vibaya, viwiko vikigongana. Pakiti ya dawa Mwanaidi akaichukua, akaificha chumbani kwake kwenye sanduku la harusi.

Siku ya kupima walikwenda wote wawili. Na hapa tumbo la Mwantumu, ambalo kila asubuhi tangu utoto lilikuwa likifanya kazi yake bila kukumbushwa, lilifika kliniki likagoma. Alikaa huko ndani, akatoka mikono mitupu. Mwanaidi akamnunulia chai. Akarudi, hakuna kitu. Akanunuliwa mihogo ya kuchemsha, hakuna kitu. Wagonjwa wengine kwenye benchi walianza kufuatilia safari zake kama mpira wa ligi, na mzee mmoja, kwa sauti ya mwenye uzoefu, akashauri papai. Papai likaletwa, nusu nzima. Mwantumu aliporudi safari ile akiwa na kikopo kimefunikwa vizuri, mzee yule alitikisa kichwa kwa heshima.

Walisubiri. Mwanaidi alimshika mama yake mkono. Mwantumu alijaribu kuomba dua akajikuta anaomba mambo mawili kwa pamoja: kama wamo, Mungu amsaidie kumtazama mwanawe usoni, kama hawamo, amsaidie kuamini.

Riddhi alikuja na kipimo chenyewe mkononi, hakutuma mtu. Akakiweka mezani mbele yao. Mstari ulikuwa mmoja.

Mwantumu aliinama mpaka pua ikakaribia meza. Akauliza kama ule wa pili huwa unachelewa. Riddhi akasema muda wake umepita. Akauliza kama inawezekana taa imefifia. Mwanaidi akakipeleka kipimo dirishani kwenye jua, wakakitazama wote watatu. Ulikuwa mmoja.

"Nguruwe hayumo, mama," Riddhi alisema. "Walinzi waache wakae. Hawana ubaya na mtu."

Akamwambia asipime tena kwa damu, atajitia wazimu bure. Dawa za asidi asirudie bila kuambiwa, na zile za maungo kuuma asizimeze ovyo, maana nazo huchuna tumbo. Inatokea, si mara nyingi, bakteria wakarudi. Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni, maji yachemshwe, na akiumwa aje hapa, si kwingine. Sinia la mumewe alirudie.

Hapo Mwantumu akapata ujasiri wa kusema lililobaki. Akaeleza kuhusu kiganja, chumvi na nusu ya wilaya. Riddhi alimsikiliza akiwa ameuma mdomo. Akamuuliza supu ile baada ya kuonjwa inachemka kwa muda gani. Mwantumu akasema inachemka sana, mchele unaingia, moto chini, makaa juu, mpaka maji yakauke yote. Riddhi akasema bakteria huyo hawezi kutoka humo mzima hata angeogelea kwa bidii gani. Kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akaomba radhi, na Mwanaidi naye akacheka, na Mwantumu akawaacha wamalize. Miaka yote aliyoonja kwa kiganja, moto wake mwenyewe ulikuwa ukifanya kazi ambayo yeye aliilia. Alijiona mjinga, na raha ya kuwa mjinga mwenye afya ikamjaa kifuani.

Walipita dukani kwa Umesh. Mzee alikuwa ameshapata habari, au aliisoma kwenye hatua zao, kwa sababu bizari ya zamani ilikuwa tayari mezani na uso wake mkavu. Mwantumu akachukua punje, akazitafuna kwa meno ya mbele, akafumba macho. Akazitemea pembeni.

"Hii ilifika pamoja na reli," alisema.

Umesh aliingia ndani kuchukua gunia lenyewe, na alikaa huko muda mrefu kuliko gunia lilivyohitaji.

Asubuhi ya harusi jiko lilikuwa limewashwa mapema uani kwa Mdoe. Masufuria yalikuwa manne, lakini wote walijua lipi ni lipi. Rosina alisimamia matatu, na lile la kwanza hakuligusa, hata kijiti cha moto hakukisogeza. Wanawake waliokuja kusaidia walikuwa na habari zote, maana Handeni ni Handeni, na kila aliyekuwa anamenya kitunguu alikuwa na sababu ya kukimenya karibu na pale. Mwanaidi, ambaye alitakiwa kuwa ndani akipakwa hina, alisimama mlangoni na mikono imenyooshwa mbele ili hina isichafuke.

Nyama ilikuwa imeiva. Bizari ilikuwa imetoa harufu iliyowafanya watoto wa jirani kupanda ukutani. Mwantumu akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha kwenye khanga. Akachukua mwiko, akachota supu, akaimimina kiganjani. Ikamuunguza kidogo, kama zamani. Akailamba.

Visu vikasimama. Rosina akaacha kupuliza moto. Mwantumu alikaa na ile supu ulimini, akiizungusha polepole, macho yamefumbwa, na kwa kitambo hakuna aliyejua anaonja au analia. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Chumvi bado," alisema.

Rosina aliketi chini palepale kwenye vumbi, akacheka huku anajifuta macho kwa upande wa khanga, akisema moshi wa Handeni ni mbaya. Mwanaidi aligeuka akaingia ndani kumaliziwa hina. Mwantumu akachota konzi, akatia, akakoroga, akaonja tena. Ikazidi kidogo ulimini, kama inavyotakiwa. Akamwaga mchele.

Sufuria la kwanza liliwaendea watu wa Magoma. Waliolibeba walirudi wakisema kachumbari imebaki.

Alasiri, wageni walipokwisha kutawanyika na bibi harusi amekwisha kuondoka na machozi yake na kicheko chake, Mdoe alikuwa ameketi mkekani nyuma ya nyumba, sinia mbele yake, hajaligusa. Mwantumu alikuja, akatandaza miguu iliyochoka. Kikombe chenye uzi mwekundu kilikuwa juu ya dishi la vyombo; akakitazama, akakiacha huko kioshwe na vingine. Akanawa. Akala tonge la kwanza upande wake wa sinia, ule uliokaa miezi bila kuguswa.

Mdoe alikuwa anaangalia mbali, upande wa mashamba, kama mtu anayewaza mahindi. Kidole chake kikasogea kwenye wali, na kipande cha nyama kikaanza kuteleza chenyewe kuelekea kwa mkewe.